Wauzaji wa spika acheni kutuuzia spika za karaoke mkituambia ni ampu za gitaa!!!

Wakuu habari za saa hizi. Nipo Kigoma, napiga solo, na kazi yangu ni ya kuzunguka, leo harusi Kasulu, wiki ijayo mkutano wa injili huko mwambao, unapanda boti Kibirizi na mzigo wako unashuka Kagunga, jenereta ikizimwa ndo basi tena. Ndo maana nilikuwa natafuta spika ya kubeba, inayotumia betri, ya kupigia gitaa la umeme. Nimemwandikia muuzaji GITAA LA UMEME, nikarudia na kwa voisi, akajibu ipo bosi, wati 800, ina tundu la gitaa kabisa, tuma hela mzigo upande basi leo leo. Nikatuma laki tatu na nusu.

Mzigo umefika ni spika ya matairi ya karaoke! Nyuma ina matundu mawili, moja wameandika maiki lingine gitaa, ukizungusha kitufe cha mwangwi wa maiki gitaa nalo linaanza kuitikia kama lipo pangoni. Maana yake ni tundu lilelile, wamebandika maandishi tu. Na sauti imeziba, treble (ile sauti kali ya juu) yote imekufa, sasa wapiga sebene mnanielewa, ukipanda kule juu kwenye nyuzi nyembamba bila treble unapiga nini? Msiniambie gitaa bovu, hilo hilo nikichomeka kwenye ampu ya kanisani linalia safi kabisa.

Fundi mmoja hapa Mwanga kanieleza vizuri. Pikapu za kawaida za gitaa, zile sumaku zenye waya chini ya nyuzi, signo yake (umeme mdogo unaobeba sauti) ni dhaifu na inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama ohm milioni 1 hivi. Tundu la maiki huwa ni ohm elfu chache tu, kwa hiyo linainyonya ile signo na cha kwanza kuondoka ni treble. Hakuna kitufe cha kuirudisha hiyo.

Halafu hizo wati 800 sasa. Tumefungua kifuniko, ndani kuna betri ya volti 12, amp-saa 4.5. Zidisha, unapata wati-saa 54. Kama kweli ingekuwa inatoa wati 800 hiyo betri isingemaliza hata dakika tano, na hii inakesha inapiga muziki! Hizo ni wati za PMPO za kuandika kwenye boksi, wati za kweli ni RMS na hiyo hawaandiki popote.

Nimempigia muuzaji kulalamika ananiambia eti nunua transmita ya bluetooth ya kurusha sauti ya gitaa kwenye spika ndo itakuwa safi. Jamani! Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti, mara nyingi inapita milisekunde 100, ni sawa na ampu iwe mita 30 na kitu mbali na wewe. Kusikiliza nyimbo sawa, ila upige rizimu na mpiga drums yuko pale, haiwezekani.

Na ampu za kweli za gitaa za betri zipo, tena wanazijua. Roland Micro Cube GX ni wati 3, betri 6 za AA, ya mazoezi chumbani au gesti. Boss Katana Mini wati 7, nayo AA 6. Ya kupigia watu nje ni kama Roland Cube Street EX, wati 50, spika mbili za inchi 8, AA 8. Mimi kwa huku kwetu nataka ya AA kuliko ya kuchaji, maana AA kila duka la kijijini utazikuta (chukua alkaline, zile za bei chee zinakufa haraka sana), ya kuchaji ikiisha huko mwambao unakaa unaiangalia.

Kwa walioshapigwa kama mimi, fundi kasema weka pedali ndogo ya kawaida ya Boss katikati ya gitaa na spika, nyingi zina bafa ndani (saketi inayozuia signo isinyonywe), hata efekti yake ikiwa imezimwa treble inarudi, na inatumia betri ya volti 9. Nimeazima moja nimejaribu, kwa sauti kavu ya sebene inapigika. Ukiweka distoshen (ile sauti ya gitaa ya kukwaruza ya roki) ndo usithubutu, hizo spika zina twita (spika ndogo ya sauti kali), inatoka mikwaruzo mitupu.

Ila pedali nayo ni hela, kwanini niiongeze mimi wakati nilisema ninachotaka toka mwanzo? Muuzaji kama upo humu, meseji zako zote na risiti ya muamala ninazo, spika ipo kwenye boksi lake, nirudishie hela yangu uje uchukue mzigo wako. Na wakuu, mwenye Cube Street EX iliyotumika anayeuza, awe Kigoma au Tabora, aje PM, ila nije na gitaa langu tuijaribu kwanza.