Furu wa kwenye chupa (kikundi cha Ukoo wa Kirumba)

Mama Neema: Neema mwanangu voisi yako ya jana imekata katikati, nimesikia baridi baridi tu

Neema: Shikamoo mama, shikamooni wote. Baridi ipo jamani, Desemba hii jua linazama saa kumi na nusu, nikitoka maabara giza totoro na baiskeli yenyewe breki ni kukanyaga pedeli kinyumenyume, nishaanguka mara mbili

Doto: 😂😂 dada kaenda Ulaya kujifunza baiskeli

Mjomba Masanja: Marahaba. Ila unasomea samaki, si ungebaki hapa mwaloni

Neema: Mjomba samaki niliowafuata ni wa hapohapo!! Makumbusho ya hapa Leiden kuna stoo machupa kwa machupa ya furu, Waholanzi walianza kuwakusanya Ghuba ya Mwanza 1977 kabla sangara hajawamaliza, wengine ziwani hawaonekani tena wamebaki humu tu. Nimesoma lebo Mwanza nikalia kama mjinga

Mjomba Masanja: Kwa hiyo walituchukulia

Neema: Wasingechukua tusingejua hata walikuwepo. Ila inauma, kwenda kumpima furu wa kwenu mpaka uombe viza

Shangazi Kabula: Furu si vile visamaki vya miiba mitupu tulikuwa tunavidharau

Neema: Haohao, aina zaidi ya 500, kuna mmoja kapewa jina la Mwalimu Nyerere kabisa. Shida spiriti imekula rangi wote wamekuwa kijivu, na rangi ndo kila kitu sababu jike anachagua dume kwa rangi, maji yakichafuka haoni vizuri wanachanganyana aina zinapotea. Mjomba we si ulikuwa unavua miaka hiyo

Mjomba Masanja: Nilikuwa kijana mdogo kwenye mtumbwi wa babu yako. Wa kwenye miamba walikuwa wanawaka, mgongo mwekundu ubavu njano na michirizi, wengine bluu. Tuma picha

Neema: 📷

Mjomba Masanja: Haifunguki bando limekata

Mama Neema: Doto mrushie mjomba wako bando. Neema umekula nini

Neema: Mkate na jibini mama, mchana huku hawapiki

Mama Neema: Yesu wangu

Doto: Tayari mjomba

Mjomba Masanja: Imefunguka. Huyu kama namjua lakini umemlaza vibaya, pezi la chini huku nyuma halionekani, madume wana vidoa pale kama mayai. Mgeuze

Neema: Stoo washafunga, kesho asubuhi ndo kitu cha kwanza