Mliopitia sonona (depression): ndani kunakuwaje?

DadaMkubwa: Wakuu, maelezo ya kitaalamu nimeshasoma. Mdogo wangu, miaka 24, wiki ya tano hatoki chumbani. Nyumbani wanasema ni uvivu. Aliyepitia aniambie.

FundiCherehani: Mimi nashona, Mwanza. Mwaka 2019 sare za kwaya zilikaa mezani siku kumi na moja, mkasi pembeni. Si kwamba sikutaka kukata. Naamka saa tisa usiku, macho kodo hadi majogoo, halafu mchana hata kuoga ni safari ya kupangia. Watu wanadhani unalia. Wapi! Sikutoa chozi. Sato nilikuwa natafuna kama karatasi (na mimi Msukuma, samaki simwachi). Shangazi akasema nimerogwa. Jirani muuza mkaa ndiye alikuwa anakuja jioni, anakaa kizingitini, haulizi kitu. Baadaye akanisindikiza kliniki. Dawa sikuziona zikifanya kazi hadi wiki ya tatu, nusura nizitupe.

DadaMkubwa: Neno gani lilikuumiza zaidi?

FundiCherehani: "Wenzako wana shida kuliko wewe." Nilikuwa najua, ndiyo maana nilijificha.

MamaPacha: Mimi ilinikuta baada ya kujifungua. Muulize wazi kama anawaza kufa. Wifi aliniuliza, nikashusha pumzi. Akikubali, msimwache peke yake, hospitali siku hiyo hiyo.

DadaMkubwa: Naenda kumuuliza sasa hivi. Fundi, kliniki ni ya hospitali ya mkoa?

FundiCherehani: Ndiyo. Wahi asubuhi, foleni ndefu.