Tupeane uzoefu: saa za zamani za kuzamia zinazotumia betri, wewe ilikunasa ipi?

Wakuu, salaam.

Kila zikizungumzwa saa za zamani, sifa zote huenda kwa otomatiki, zile zinazojijaza kwa mwendo wa mkono. Za betri hupitwa kana kwamba hazimo, na ndiyo maana bei yake bado inashikika. Mimi nazipenda kweli, hasa za kuzamia. Tupeane visa.

Naanza na yangu, Seiko 7548. Chuma kitupu, kina cha mita 150, siku na tarehe kwenye namba 3 ya uso. Mshale wa sekunde unatua juu ya alama pale pale, bila kutikisika. Mfuniko wa nyuma una namba ambayo tarakimu ya kwanza hutaja mwaka na ya pili mwezi. Yangu inaanza na 1 na 3. Mashine hii ilitengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, basi hiyo ni Machi 1981, haiwezi kuwa 1971 wala 1991. Niliipenda zaidi siku nilipojua umri wake.

Fundi wa benchi:
Mkuu, hiyo 7548 ni heshima kuifungua. Saa nyingi za betri siku hizi mashine yake ni plastiki; ikifa unatupa, unapachika nyingine. Hiyo ina sahani za chuma, vito, skrubu za kufungulika, hata kiskrubu cha kurekebisha mwendo ikikimbia au ikichelewa. Kijiti cha kwatzi ndani yake, yaani kipande cha fuwele kinachopima muda kwenye saa za betri, kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, saketi inagawa kwa mbili mara 15, unabaki mpigo mmoja tu wa kusukuma mota.

Nililetewa moja ambayo mwenyewe aliambiwa mashine imekufa. Kufungua, betri ya zamani ilikuwa imevuja na kuota ukoga mweupe kwenye mguso. Nikausugua kwa kijiti cha mti na tone la siki, nikamalizia na spiriti, nikaweka betri mpya ya volti 1.55. Mshale ukaruka. Ingekuwa uvujaji umekata waya wa koili, ambao ni mwembamba kuliko unywele, hapo ni kutafuta saa nyingine ya kung'oa spea. Kwa hiyo wakuu, saa usiyoivaa itoeni betri.

Mzamiaji:
Mimi nazama nayo kwelikweli. Citizen Aqualand, toleo lililotoka 1985, lile lenye kihisio cha kina kilichotokeza ubavuni upande wa namba 9 ya uso. Kompyuta ya kuzamia ninayo, lakini hii nayo hubaki mkononi. Kabla ya kushuka nageuza ringi inayozunguka uso, alama yake ikae mkabala na mshale wa dakika. Inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale, hivyo ikigongwa na mtungi wa hewa itaonyesha umekaa chini muda mrefu zaidi, kamwe si mfupi. Kosa linaangukia upande wa usalama. Napenda mtu aliyefikiria hivyo.

Mpenda mseto:
Seiko H558 ya 1982, ile wanayoiita Arnie kwa sababu ya Arnold Schwarzenegger, mwigizaji aliyeivaa kwenye filamu. Mishale na dijitali kwenye uso mmoja, na alamu juu. Kubwa, lakini mkononi inatulia.

Mtoza saa:
Yangu ni Heuer 1000, ya kwatzi. Alama zake zimegeuka krimu. Tritiamu, kemikali ya mionzi iliyoziwasha alama hizo gizani, hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo gizani haiwaki tena. Nimeshauriwa nipake upya, nimekataa. Rangi ile imejitafutia yenyewe, hakuna mchoraji wa kuiiga.

Mgeni:
Nimeonyeshwa moja, muuzaji anasema inazama mita 150. Niangalie nini?

Fundi wa benchi:
Karibu ndugu. Hizo mita ni za siku ilipotoka kiwandani. Sili za mpira hukauka, kwa hiyo zibadilishwe zote, kisha saa ipimwe shinikizo kabla haijaona maji. Kabla ya kulipa, fungua kifundo cha kutilia majira na ukifunge tena polepole. Kikishika uzi vizuri, endelea. Kikiteleza bila kukaza, shusha bei au uiache. Halafu sogeza tarehe uone kama inaruka.