Grupu la Majirani: mjadala wa Jumamosi, Blair na vita ya Iraki

JUMATATU

Mama Nuru: Assalam alaykum wapendwa. Nakumbusha tena kwa wale wanaosoma wakanyamaza, Jumamosi saa kumi jioni tuna mjadala na vijana pale ukumbini, mada ni kwa nini Tony Blair, waziri mkuu wa hapa Uingereza wakati ule, aliingia vita ya Bush wa Marekani kule Iraki. Hawa vijana wetu wengi wamezaliwa baada ya 2003, jina wanalisikia tu, na wanaishi nchi hii hii iliyopeleka jeshi. Nataka wasemaji wawili, mmoja aeleze Blair mwenyewe aliona nini, mwingine ampinge. Halafu nataka mtu wa viti na mtu wa funguo. Jibuni basi.

Mama Nuru: Naona mmesoma

Mama Nuru: ??

JUMANNE

Hami: shikamooni. mi naona mada fupi hiyo, si alikua anamfuata Bush tu kama mkia? kila mtu anasema hivyo

Mama Nuru: Marahaba mwanangu. Hapo ndo sitaki tuishie. Anayemfuata mwenzie kama mkia hana hoja, na Blair hoja alikuwa nazo, tena za kwake. Bush hajawa hata rais, Aprili 1999 wakati wa vita ya Kosovo, Blair alisimama Chicago akahutubia kwamba serikali ikiwaangamiza watu wake nchi nyingine zisikae zikatazama. Mwaka 2000 akapeleka jeshi Sierra Leone, likamnyookea. Sasa mtu kashaona mara mbili amepatia anaanza kuamini ana jicho la kuchagua vita. Ndo ikaja Septemba 11, Waingereza 67 wakafa kwenye mashambulizi yale, akasema yuko bega kwa bega na Marekani, na wallahi alimaanisha.

Da Rukia: Na Suez msiisahau

Mama Nuru: Eeh Rukia ieleze hiyo

Mama Nuru: Rukia?

Mjomba Seif: Upande wa Blair niachieni mimi

Mama Nuru: Wewe Seif kweli?

Mjomba Seif: Kwani vipi, si mmesema mnataka wa kumtetea

Bi Salma: Atakosaje kumtetea, 2005 alienda kumpigia kura mabango ya maandamano ya kupinga vita bado tumeyaegesha nyuma ya mlango. Na hela ya basi la London hatujaisahau.

Mjomba Seif: Salma hela ya basi nilishaieleza

Bi Salma: Ulieleza. Hukulipa.

Hami: hela gani ya basi

Bi Salma: Waulize wakubwa zako

Mama Nuru: Jamani nawaomba, mambo ya basi inboksi. Seif toa hoja zako watu wazione

Mjomba Seif: Haya. Kwanza Saddam mtawala wa Iraki hakuwa malaika, mji wa Halabja 1988 aliwamwagia Wakurdi gesi ya sumu wakafa maelfu, watoto na mama zao, hilo nani atalikana? Pili, pale Washington walikuwepo waliotaka waende moja kwa moja bila kumuuliza mtu, Blair ndo alikazana Bush apitie Umoja wa Mataifa, likapatikana azimio 1441 la kumpa Saddam nafasi ya mwisho ya kuachana na silaha za maangamizi, Novemba 2002 kura 15 kwa sifuri hata Syria iliunga mkono. Mimi naamini mtu akikaa ndani ya chumba anaweza kumshika mwenzie mkono, akikaa nje atapiga kelele dirishani tu.

Mama Nuru: Hoja nzuri na ndo anayoisema mwenyewe Blair. Sasa nikujibu. Ripoti ya Chilcot, ile ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita ya Iraki, ilipotoka Julai 2016 ilitoa na karatasi alizokuwa akimwandikia Bush kwa siri. Ya tarehe 28 Julai 2002, miezi karibu 8 kabla ya vita, bunge halijui, wananchi hawajui, inaanza kwa kumwambia nitakuwa nawe, liwe liwalo. Halafu huko chini ndo anataja anayoyataka, Umoja wa Mataifa, ushahidi, suala la Palestina, Iraki itakuwaje baada ya Saddam. Seif, ukishasema liwe liwalo mstari wa kwanza, yanayofuata si masharti tena, ni maombi. Huo mkono aliushika kwa nguvu gani?

Mjomba Seif: Mama Nuru hata mimi niko nawe liwe liwalo, ila viti sibebi mgongo mbovu

Hami: hahahaha

Baba Twaha: Hahaha Seif pole na mgongo

Shangazi Mwanaidi: Seif huo mgongo ushaenda kuuonyesha? Mume wangu alidharau hivyo hivyo mwisho akawa hawezi kuvaa soksi

Mjomba Seif: Nimepewa miadi mwezi ujao

Shangazi Mwanaidi: Mwezi ujao mbali. Piga asubuhi mapema kuna watu wanaghairi

Mama Nuru: Tuko kwenye mada jamani

JUMATANO

Da Rukia: Samahanini nilikuwa zamu ya usiku. Suez ni hivi, 1956 Uingereza na Ufaransa pamoja na Israeli waliivamia Misri kwa ajili ya mfereji bila ridhaa ya Marekani, rais wa Marekani Eisenhower akawabana kwenye fedha, pauni ikayumba, Waingereza wakaondoka na aibu yao na waziri mkuu wao Eden akajiuzulu Januari 1957. Toka pale serikali za hapa zimekuwa na woga mmoja, usiachane na Marekani, kaa karibu upate kunong'ona. Silaha zenyewe za nyuklia za hapa na habari za kijasusi zimefungamana na Marekani. Blair alikulia ndani ya fikra hiyo. Lakini Mama Nuru waambie vijana na habari ya waziri mkuu Harold Wilson, Rais Johnson wa Marekani alimtaka apeleke jeshi Vietnam akagoma, na urafiki haukuvunjika. Kwa hiyo aliyekataa yupo, tena wa chama hicho hicho cha Labour.

Mama Nuru: Hapo hapo! Na 2003 Chirac wa Ufaransa alikataa, Schröder wa Ujerumani alikataa, Chrétien wa Kanada alikataa na yeye ni jirani wa ukuta mmoja na Marekani. Tena mlango wa Blair ulikuwa wazi mpaka dakika za mwisho, Machi ile Bush alimwambia kama serikali yako itaanguka kaa pembeni tutaelewana, na tarehe 11 Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani, akatamka hadharani kwamba Marekani inaweza kwenda bila Uingereza. Mtu anayeburuzwa akifunguliwa kamba anakimbia. Huyu alibaki. Ndo maana nasema aliamini, na kuamini kwake kukamfanya aseme mambo ya mashaka kama mambo ya uhakika.

Baba Twaha: Najibu ya juzi. Ile ripoti ya serikali ya Blair ya Septemba 2002 ya kwamba Saddam anaweza kutumia silaha za maangamizi ndani ya dakika 45 naikumbuka kwenye magazeti, niliogopa kweli nikampigia ndugu yangu simu. Silaha hazikuonekana mpaka kesho.

Mama Nuru: Chilcot kasema hivyo hivyo, hatari ilielezwa kwa uhakika ambao ushahidi haukuubeba, na njia za amani zilikuwa hazijamalizwa.

Mjomba Seif: Lakini bunge lilipiga kura, 412 kwa 149. Msimbebeshe mtu mmoja.

Bi Salma: Na wabunge wa Labour 139 walimpinga siku hiyo hiyo kwenye kura ya marekebisho, na Robin Cook aliacha uwaziri jana yake. Walijua. Na wewe ulijua Seif, usingekuwa unajua usingechanga hela ya basi ukairudisha mfukoni.

Mjomba Seif: Ujumbe huu umefutwa

Mama Nuru: Salma. Seif. Basi.

Babu Kombo: Salaam kwenu nyote.

Mama Nuru: Shikamoo Babu

Da Rukia: Shikamoo Babu

Hami: shikamoo babu

Babu Kombo: Marahaba. Nimesoma yote. Mimi Februari 15 2003 nilitembea mpaka Hyde Park na goti langu hili. Polisi walisema watu laki saba na nusu, waandaaji wakasema milioni mbili. Pembeni yangu alikuwa bibi wa Kiingereza amevaa viatu vya kanisani, akaniambia hajawahi kuandamana maisha yake yote. Yule waziri mkuu alituona. Alituona akaona sisi ndio hatujaelewa. Kwa hiyo vijana msiwaambie alikuwa mjinga, wala msiwaambie alikuwa muongo halafu mkanyamaza. Waambieni alikuwa na hakika. Wanajeshi 179 wa hapa hawakurudi na raia wa Iraki waliouawa wanapita laki moja. Yule mama wa ghorofa ya chini mnamjua, mnajua mwanawe alibaki Basra kule Iraki. Aalikwe akae mbele. Na Seif amtetee Blair kama alivyopanga, sina kinyongo, ila aseme akimtazama yule mama.

[hakuna aliyejibu kwa saa tatu]

Mjomba Seif: Nimekusikia Babu. Nipe mpaka Ijumaa nifikirie.

Babu Kombo: Fikiria mwanangu.

ALHAMISI

Mama Nuru: Asanteni. Kwa hiyo kupinga nitasimama mimi kama hakuna mwingine, kutetea tunamsubiri Seif, na kama Seif hataweza Rukia utasoma hoja zake kwa haki kabisa bila kuzipunguza, maana bila upande ule vijana watadhani ni kisa cha shetani mmoja na hawatajua kwamba mtu mwenye nia yake anaweza kufika pale pale. Nani atakwenda kuzungumza na yule mama?

Mama Nuru: Jamani

Da Rukia: Nitapita kwake kesho nikitoka kazini. Siahidi kama atakubali, mwaka ule wa Chilcot hakutaka hata kuwasha televisheni. Na mimi hoja za Seif bado sijasema nitazisoma.

Mama Nuru: Asante Rukia, akikataa usimsukume. Funguo?

Bi Salma: Ninazo. Nitafungua saa tisa na nusu. Seif naye aje, sitamfungia mlango.

Mjomba Seif: Asante Salma

Bi Salma: Hela ya basi pale pale

Mama Nuru: Viti bado sijapata mtu

Hami: vingapi