Mnaouza "wati 500" zisizofika 200, na mafundi mnaotupa pawa saplai nzito za zamani: huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali.

Mtu anapeleka kompyuta ya mtumba haiwaki. Fundi anagusisha waya wa kijani na mweusi, feni haizunguki, hukumu inatoka hapo hapo: "pawa imekufa, mkuu." Ile nzito inatupwa kwenye kiroba cha skrepa, mteja anauziwa boksi jepesi lenye stika inayong'aa ya 500W. Kilichokufa kwenye ile nzito mara nyingi ni kapasita mbili tatu tu. Kilichomo kwenye hiyo mpya ni aibu tupu.

Ifungueni muone. Pale umeme unapoingia, bodi imechorwa nafasi ya koili ya chujio, kapasita za X na varista ya kuzuia umeme ukipanda ghafla. Kwenye nafasi ya koili kuna vipande viwili vya waya, zilizobaki ni matundu matupu. Daiodi nne za RL207, ampea 2 kila moja. Kapasita kubwa mbili za 330µF 200V. Transista mbili za 13007. Upande wa pili, ule unaotoa umeme kwenda kwenye kompyuta, laini yote ya 12V inabebwa na daiodi moja, F12C20, ambayo kikomo chake ni ampea 12. Stika inasema 12V ampea 22! Ampea 12 mara volti 12 ni wati 144, na hapo ni kama hitsinki (chuma cha kupoza) ingekuwa hitsinki, siyo bati jembamba kama kifuniko cha kopo.

Tupige hesabu, maana wauzaji wanapenda kujibu "hizo ni nadharia". Kapasita mbili za 330 zikiwa mfululizo zinatoa 165µF. Umeme wa 230V ukishanyooshwa unakuwa 325V hivi. Tuichukulie kwamba pawa inaweza kuhimili mpaka volti zishuke kufika 250. Nishati iliyo kati ya hapo ni jouli 3.6 hivi. Mzigo wa wati 250 kwenye pawa yenye ufanisi wa asilimia 75 unavuta wati 333 kutoka kwenye kapasita hizo, kwa hiyo umeme ukikatika una milisekunde 11 basi. Ukiipa zile wati 500 za kwenye stika, zinabaki milisekunde 5 na kidogo. Kiwango cha ATX, yaani kanuni za pawa saplai za kompyuta, kwa matoleo ya enzi hizo kilitaka zisipungue 16 kwenye mzigo kamili. UPS za bei nafuu zinachukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Sasa mmeelewa kwa nini kompyuta inajizima na UPS ipo pembeni inalia? Na mteja huyo huyo anaambiwa UPS ndiyo mbovu, anauziwa na UPS nyingine.

Halafu kuna wanaojiita wanatengeneza. Fyuzi ya ampea 5 imeungua, kioo kimekuwa cheusi, anairuka kwa waya. Fyuzi haiwi nyeusi hivyo bila sababu: kuna shoti kubwa, kwa kawaida transista za 13007 au daiodi za kunyoosha umeme. Ukiweka waya, safari ijayo zinaungua njia za bodi. Na hata anayebadilisha transista anaishia hapo, pawa inarudi baada ya wiki imelipuka tena. Angalieni zile kapasita ndogo za 1µF 50V karibu na miguu ya besi ya transista hizo, mbili, kila transista na yake. Zikikauka, transista hazizimi kwa kasi inayotakiwa, zinapata joto, zinapasuka. Zibadilisheni zote mbili, na mpime resista na daiodi ndogo za jirani, kwa sababu transista ikipasuka huwa haiendi peke yake.

Kero nyingine ni wanaokata kapasita za Y eti kwa sababu "keisi inashoti". Keisi inatekenya kwa sababu soketi haina ethi! Kapasita hizo zinapitisha mkondo mdogo sana kwenda kwenye bati la keisi ili uende ardhini. Ethi isipokuwepo unaupata wewe kidoleni. Dawa ni kuvuta waya wa ethi. Ukizikata unaacha kelele za umeme ziingie kwenye mazabodi, na tatizo la nyumba liko pale pale.

Kwa wanaotaka kufufua zile nzito, kazi yenyewe ni hii. Chomoa waya wa ukutani, subiri dakika tano, fungua, kisha pima DC kwenye kila kapasita kubwa. Usiamini kwamba zimejimaliza, kwa sababu resista za kuzimaliza nazo hukatika. Kama kuna volti, zimalize kwa resista ya 2.2kΩ ya wati 5 iliyofungwa kwenye nyaya zenye ganda, halafu pima tena mpaka iwe chini ya volti 10. Bisibisi ni kwa wapenda cheche. Kabla ya kugusa pasi ya kulehemu, kwangua ile gundi ya njano iliyogeuka kahawia kati ya vifaa. Ikizeeka kwa joto inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya resista, na kuna pawa zinapona kwa kukwangua gundi peke yake.

Umeme wa kwanza baada ya matengenezo upitie kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile yenye waya unaowaka ndani, siyo LED, iliyofungwa mfululizo kwenye laini. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna shoti, zima. Zile zenye PFC hai (saketi ya kusawazisha namna pawa inavyovuta umeme wa ukutani) zinaweza kufanya balbu imulike na kuzima mfululizo, hiyo isikutishe.

Upande wa pili, zilizovimba kichwa zinaonekana, lakini msiishie hapo. Kapasita inaweza kuwa bapa kabisa na ESR yake, yaani ukinzani wake wa ndani, imepanda mara kumi. Badilisheni za 3.3V, 5V, 12V na 5VSB (laini ya kusubiri, inayobaki na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa) kwa pamoja: za 105°C, ESR ndogo, kama Panasonic FR au FM, Rubycon ZLH, Nichicon HE, Chemi-Con KY. Volti zisipungue za awali: 10V kwenye laini za 3.3 na 5, 16V kwenye 12. Za kawaida za 85°C mlizotoa kwenye redio hazifai hapa, kwa sababu saketi hii inachapa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kapasita isiyo ya kazi hiyo inajichemsha yenyewe. Kipimo nacho kinadanganya: 2200µF 16V za daraja hili mara nyingi zina kipenyo cha milimita 12.5, wakati nafasi ni ya milimita 10. Wekeni 1500µF nzuri, msilazimishe.

Sasa 5VSB, waya wa zambarau. Hapa ndipo mazabodi zinapokufa na hakuna anayeangalia. Pawa nyingi za zamani zina saketi ndogo ya transista mbili kwa ajili ya laini hii, na inafanya kazi saa 24 alimradi waya uko ukutani. Upande wa moto, ule unaopokea umeme wa ukutani, kuna kapasita ndogo, 10, 22 au 47µF ya 50V, imebanwa jirani na resista inayochemka. Ndiyo inayoshiriki kusimamia volti. Ikikauka, 5V inaanza kupanda: 5.4, 5.8, mpaka bodi inakata roho, na fundi anasema "bodi imeungua, nunua nyingine". Kapasita yenyewe ni ndogo kuliko ncha ya kidole. Pawa yoyote ya zamani ikipita mkononi, ibadilisheni hiyo bila kuuliza, weka ya 105°C, isogeze mbali na ile resista kadiri miguu inavyoruhusu.

Kupima nako ni vichekesho. Feni kuzunguka siyo kipimo. Wekeni mzigo: balbu ya gari ya 12V wati 55 kwenye waya wa njano (12V), inavuta ampea 4.6, na resista ya 5Ω ya wati 10 kwenye waya mwekundu (5V), inavuta ampea 1. 12V ibaki kati ya 11.40 na 12.60, 5V kati ya 4.75 na 5.25, 3.3V kati ya 3.14 na 3.47. Mwenye osiloskopu aangalie ripo (mawimbi madogo yanayobaki juu ya DC) upande wa pili tu: isizidi milivolti 120 kwenye 12V, 50 kwenye nyingine. Klipu ya ethi ya osiloskopu ikigusa upande wa moto, umeagana na kifaa.

Na wapenda kuboresha, tulieni. Kutoa F12C20 na kuweka MBR20100, daiodi ya aina ya Schottky inayopoteza volti kidogo, kunapunguza joto, sawa. Lakini msiweke Schottky ya 40V ya laini ya 5V kwenye 12V, volti za kinyume pale zinazidi 40 na itakufa dakika hiyo hiyo. Transfoma na koili ni zile zile, kwa hiyo wati haziongezeki. Pia zile za kabla ya ATX12V 2.0 ya mwaka 2003 zilijengwa kwa mzigo mkubwa wa 5V. Laini mbili zinapita kwenye koili moja na mrejesho mmoja wa kusimamia volti, ukivuta 12V peke yake inashuka na 5V inapaa. Zifae bodi za umri wake, msizifunge kwenye mashine yenye kadi ya picha.

Wenye kompyuta za Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1, plagi zenu za pini 8 na 6 ni za 12V tu, bodi inajitengenezea 5 na 3.3 yenyewe. ATX ya kawaida haiingii bila adapta yenye kipandisha volti cha laini ya kusubiri. Na Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina plagi inayofanana kabisa na ATX ya pini 20 lakini nyaya zimepangwa tofauti. Inaingia vizuri, na inachoma vizuri.

Wauzaji, mkija kujitetea humu leteni picha ya ndani, namba za daiodi na transista zisomeke. Stika tumeshaiona. Na mwenye kujua duka Dar, Mwanza au Nairobi lenye kapasita halisi, siyo zile ambazo ukichana plastiki unakuta kikopo kidogo kimevalishwa kikubwa, aweke bei, picha ya maandishi, na kipimo cha ESR kwenye 100kHz. Asiye na kipimo asijaze uzi.