Picha za zamani za Mombasa: zipakwe rangi au ziachwe vile vile?

Jamani watu wa Mombasa hebu tuliongee hili maana limenikaa rohoni wiki nzima. Siku hizi kila mtu ana epu kwenye simu, unatia picha ya nyanya ya mwaka wa hamsini na kitu, unabonyeza, mara imetoka na rangi kama imepigwa jana pale Mama Ngina. Watu wanatumiana, wanashangilia, wengine wanalia machozi. Mimi nasema tuache. Na wale mnaotaka kuniambia nachukia maendeleo subirini nimalize kwanza.

Ijumaa ilopita binamu yangu kachukua picha ya harusi ya nyanya, Kibokoni 1964, ile iliyokaa kwenye mkebe wa biskuti miaka yote hii, kaipaka rangi halafu kaja mbio amwonyeshe mwenyewe. Nyanya kavaa miwani, kaisogeza simu karibu, kaipeleka mbali, kairudisha, kisha kauliza, "Huyu nani?" Ni wewe nyanya. "Mimi? Nani kanivisha buluu siku ya harusi yangu?" Maanake ile leso ni kisutu, na kisutu mtu yeyote wa pwani anakijua, nyekundu na nyeusi na nyeupe, kisutu na harusi haviachani, sasa ile epu imeona kijivu ikaamua buluu na mkeka ikaupaka kahawia na ukuta wa chokaa ikaufanya rangi ya maziwa yaliyolala. Nyanya hakukasirika lakini alirudisha simu akasema nileteeni yangu.

Sasa sikizeni, hii si epu moja mbovu ati ukinunua ya pesa utapata kisutu sawasawa. Picha ya nyeusi na nyeupe haikuficha rangi mahali ikingoja kufunuliwa. Nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kile kile kimoja, na filamu za kamera za zamani zaidi zilikuwa hazioni nyekundu kabisa, kwa hiyo leso nyekundu ilitoka nyeusi kama buibui na midomo ikatoka kama imepakwa wino. Epu inakisia tu, kwa kufuata picha ilizolishwa, na nyingi naona zilitoka kwengine si Biashara Street.

Halafu kuna hili lililoniuma zaidi ya buluu. Kando ya nyanya kwenye ile picha amesimama shangazi yake kajifunga leso, na pale chini juu ya pindo jina la leso linasomeka, ukiweka kioo cha kukuzia unaona nusu yake: SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Tunajua ile nusu ya kwanza, naogopa simba na meno yake. Epu katika kule kusafisha imeyala maandishi yote ikaweka vijistari kama nyayo za kuku. Sasa fikirieni, mtu kavaa leso ile kwenye harusi, mbele ya wakwe, mbele ya kamera, alikuwa anamwambia mtu! Nyanya alipoulizwa alicheka mpaka akashika mbavu, akasema alikuwa anamjibu jirani mmoja aliyekuwa kakaa upande wa pili wa ukumbi, na jina akalitaja, siliandiki hapa wajukuu zake wapo. Hadithi yote ile ilikuwa ndani ya herufi ndogo ambazo epu imezifuta kwa sekunde mbili.

Najua mtaniambia kupaka rangi si jambo jipya. Kweli. Zile postikadi za Mombasa za miaka ya 1900 na kitu, zenye troli za kusukumwa na watu kwenye reli katikati ya mji, nyingi zilitiwa rangi na kuchapishwa Ulaya, na ndio maana unaona minazi ya kijani cha ajabu na mbingu ya waridi. Makosa yale yale, ila yalichukua muda zaidi. Na studio za zamani nazo kulikuwa na kazi ya kupaka picha kwa mkono, lakini mpakaji alikuwa mjini hapa hapa na wewe, anaweza kukuuliza kanzu yako ilikuwa rangi gani.

Na ami yangu kanitupia Mughal-e-Azam, maana yeye ni mtu wa sinema za Kihindi tangu utotoni. Anasema ile ilitoka 1960 nyeusi na nyeupe, ikapakwa rangi yote ikarudi kwenye sinema 2004, na watu wakajaa, kwa nini picha ya nyanya iwe haramu? Ami, kwanza ile ilikuwa na sehemu zenye rangi tangu 1960, ule wimbo wa jumba la vioo uliuona mwenyewe na rangi zake. Pili, watu wote walijua hii ni ya kupakwa na ile ya asili ipo. Humu kwetu mtu anaposti daraja la kuelea la Nyali, lile la 1931 lililotumika mpaka 1980, bahari kaifanya kama ya hoteli, na hasemi kitu, kesho mtoto wa shule anaichukua anasema ndivyo palivyokuwa.

Kwa hiyo mimi nataka mawili tu. Ukiposti ya rangi weka na ya kijivu ubavuni na uandike imepakwa. La pili, kabla hujabonyeza, nenda na picha kwa mwenye kukumbuka. Sisi tumeanza. Nyanya juzi alishika penseli akaandika nyuma ya ile ya harusi kwa mkono wake, kisutu chekundu, mkeka wa miyaa zambarau na kijani, mlango wa buluu. Mlango ndio ulikuwa wa buluu! Zimebaki picha kama arubaini kwenye mkebe, kesho baada ya alasiri tunarudi, na ameshatuambia tusije mikono mitupu, tupitie mahamri.

Haya semeni, nani yuko upande wa ami?