Forester turbo inamisi silinda ya 4, fundi anasema turbo imekufa

SG5_Arusha
Wakuu, heshima mbele. Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ205 ya turbo, otomatiki. Inamisi (silinda inaruka kuchoma) ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), mashine inasoma P0304 (kodi ya misi silinda ya 4), na nikikaa foleni halafu nikaondoka inatoa moshi wa bluu. Fundi kapima kompresheni (presha ya mgandamizo ndani ya silinda) injini ikiwa ya baridi: silinda ya 1 psi 105, ya 2 100, ya 3 108, ya 4 70. Kitabu kinataka 142 hadi 171. Ina maana silinda zote zimechoka? Fundi anasema ni turbo, nitafute nyingine.

Spana_16
Mkuu, usitoe hela ya turbo. Kompresheni inapimwa kwa stata, injini inazunguka 200 hadi 300 kwa dakika, na hapo turbo, inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi, haisukumi chochote. Silinda ya 70 inavujisha yenyewe.

Rudia kipimo. Pasha injini moto kamili, kisha iache ipoe kidogo kabla ya kufungua plagi, maana hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinang'oka. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa mpaka izime yenyewe. Toa koili na plagi ZOTE nne. Ukiacha tatu ndani stata inalemewa na namba zinashuka. Betri ukiitoa kupata nafasi ya silinda za kushoto, irudishe ikiwa imejaa chaji. Throtolo (mlango wa kuingizia hewa) iwe wazi kabisa, na hakikisha kwa macho, usiamini pedali tu. Hapo ndipo wengi wanaharibu: throtolo ikifungwa silinda haipati hewa, hata injini nzima inasoma chini.

Piga stata mpaka geji ipande mara 5 au 6, idadi ileile kila silinda. Andika namba ya kwanza na ya mwisho. Ringi zikiwa zimelika, inaanza chini na kupanda polepole. Valvu ikiwa imeungua, haipandi sana hata ukiendelea.

Na kabla ya yote, hamishia koili ya 4 kwenye silinda ya 2. Kodi ikigeuka P0302, tatizo la misi ni koili.

Bapa_Bapa
Naongezea mawili ambayo hayamo kwenye maelezo ya injini za kawaida.

Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Arusha ipo kama mita 1,400, hewa ni nyepesi, toa takriban asilimia 15. Silinda ya 150 Dar itasoma karibu 128 hapo kwako. Kwa hiyo tazama zaidi tofauti: kitabu kinaruhusu psi 7 tu kati ya silinda na silinda.

Pili, watakuambia umwagie kijiko cha oil silindani upime tena, ikipanda ni ringi. Kwenye injini ya kulala kama hii, silinda zimelala ubavu, oil inatuama upande wa chini na haizibi ringi pande zote. Ikipanda sana, sawa, ni ringi. Isipopanda hujajua kitu.

Ukiona 1 na 3 zote zimeshuka pamoja, au 2 na 4 (kila jozi ni upande mmoja wa injini), fikiria taiming belti iliyoruka meno au gasketi ya upande huo. Wewe ni ya 4 peke yake.

SG5_Arusha
Koili nimehamisha, kodi imebaki P0304. Kipimo cha moto: 128, 124, 130, 84. Ya 4 inaanza chini na kupanda polepole. Kwa oil imefika 88.

Spana_16
Sasa pima kwa upepo, kwa kipimo chenye geji mbili: ya kwanza inaonyesha presha inayoingia, ya pili inayobaki silindani. Weka silinda ya 4 juu kabisa ya mgandamizo, valvu zote zikiwa zimefungwa, zuia krenki isigeuke, na usiache spana ya 22 ya kugeuzia krenki ikining'inia bila kushikwa: upepo ukiisukuma pistoni, spana inavunja mkono. Ingiza psi 100 na usikilize. Sauti ikitoka throtolo ni valvu ya kuingiza, ekzosi ni ya kutoa, mapovu kwenye rejeta ni gasketi, tundu la kujazia oil ni pistoni au ringi. Geji ya pili ikibaki 90 ni nzuri. Chini ya 80 kuna kazi.

SG5_Arusha
Imebaki 58. Inapuliza tundu la oil, na dipstiki inasukumwa juu.

Bapa_Bapa
Basi hiyo ni pistoni: kingo kati ya ringi zimepasuka, au ringi zimevunjika. Na moshi wako huenda unatoka hukohuko. Oil ya turbo inarudi kwenye sampo (bakuli la oil chini ya injini) kwa uzito wake tu. Sampo ikijaa presha ya silinda, oil inakwama, inapita sili za turbo na kuungua ekzosini. Ungefunga turbo mpya, nayo ingetoa moshi vilevile.

Injini ishuke. Silinda ya 4 ikiwa na mikwaruzo inayoshika kucha, inachongwa. Tafuta pia kilichoivunja pistoni: kugonga kwa mafuta ya oktani ndogo, pampu dhaifu, sensa ya hewa chafu, au busti (presha ya turbo) iliyopandishwa. Turbo uishike mkononi: kucheza kidogo pembeni ni kawaida, kwenda mbele na nyuma hapana, na mapanga yasiguse nyumba yake. Ikipita, irudishe na bomba jipya la oil.